Mawe ya Kale na Ushuhuda wa Kweli



Liko swali moja ambalo kila mtu hukutana nalo, awe mwalimu, awe mzee wa kanisa, awe mama nyumbani mwake: Nimeletewa neno, je, nilikubali au nilikatae? Akikubali upesi huenda akadanganyika, tena akawadanganya na wengine. Akikataa upesi huenda akamfukuza msema kweli mlangoni pake. Wengi hudhani ya kuwa jambo hili ni la akili tu, ya kwamba mwenye akili nyingi huchagua vema na mwenye akili chache hukosa. Mimi naona ni jambo la moyo pia, nalo lina haki na dhambi ndani yake. Nataka kulieleza kwa habari ambayo labda hamkutazamia kuisoma hapa, yaani habari ya wale watafutao ndani ya mawe alama za wanyama wa kwanza walioishi duniani.

Kwanza imetupasa kuifahamu kazi yao. Mnyama akifa chini ya bahari au ziwa, huenda akafunikwa na tope kabla hajaharibika kabisa. Tope huongezeka juu yake mwaka kwa mwaka, hukandamizwa, na baada ya muda mrefu mno huwa jiwe. Mfupa wake au gamba lake huwa jiwe pamoja nalo, au umbo lake huachwa humo kama muhuri katika nta. Mabaki hayo huitwa visukuku. Tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu yake, kama vile katika jaa la kijiji takataka za mwaka juzi zilivyolala chini ya zile za mwaka huu. Na kama kati ya matabaka pamelala majivu ya mlima wa moto, umri wake waweza kupimwa; maana ndani ya majivu hayo mna chembe ndogo zenye madini ya urani, na urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo uliokwisha kujulikana.

Basi, katika matabaka yaliyoanza kuwekwa yapata miaka milioni 539 iliyopita, wanyama wenye magamba wanaonekana kwa wingi. Lakini chini ya hayo, kwa muda mrefu watafutaji hawakuona kitu. Charles Darwin, Mwingereza yule aliyetoa mwaka 1859 kitabu chake juu ya asili ya viumbe, aliliona jambo hili kuwa shida kubwa kwa mafundisho yake. Alifundisha ya kuwa viumbe hubadilika kidogo kidogo. Basi ilimpasa kuonyesha wazazi wa wanyama hao wenye magamba, naye hakuwa nao. Hakuificha shida hiyo. Aliandika waziwazi ya kuwa hana jibu la kutosha, na ya kuwa wapinzani wake wana haki ya kuitumia juu yake.

Tena si ajabu kwamba hawakuonekana. Wanyama wa kwanza walikuwa laini, hawana mfupa wala jino wala gamba. Mtu akitafuta njiani alama ya konokono asiye na nyumba aliyepita mwaka jana, ataona nini? Kwa hiyo kazi hii imekuwa kipimo cha mioyo ya watu. Alama ni hafifu, nayo tamaa ya kuiona ni kubwa. Palipo na alama hafifu na tamaa kubwa, ndipo mtu anapojulikana jinsi alivyo.

Sikilizeni habari ya kwanza, ya nchi ya Kanada. Karibu na mwaka 1858 yaliletwa kwa Sir William Logan, mkuu wa wapimaji wa mawe wa nchi ile, mawe kutoka matabaka ya kale sana ya Mto Ottawa. Mawe hayo yalikuwa na mistari myembamba, mmoja mweupe wa chokaa, mmoja wa kijani, tena mweupe, tena wa kijani, kama kitu kilichokua tabaka kwa tabaka. Mwaka 1865 Dr. John William Dawson, mkuu wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alitangaza ya kuwa hiki ni kisukuku cha mnyama, mkubwa kwa mwili lakini wa namna iliyo duni kuliko zote. Akakiita Eozoön canadense, maana yake mnyama wa mapambazuko wa Kanada.

Dawson alikuwa mtu wa elimu kweli kweli, tena Mkristo mwenye bidii, naye hakukubaliana na Darwin. Aliona ya kuwa mnyama huyu ni silaha njema mkononi mwake. Maana kati yake na wanyama waliofuata palikuwa na nafasi kubwa mno isiyo na kitu, na nafasi ile ilionekana kuyakanusha mafundisho ya mabadiliko ya kidogo kidogo. Walakini tazameni ajabu hii: mwaka 1866, Darwin alipokipiga chapa kitabu chake mara ya nne, naye pia alimtaja mnyama huyu kwa furaha. Kwake yeye alikuwa ushahidi wa kuwa uhai ulikuwako tangu zamani zile. Watu wawili waliopingana, kila mmoja alilishika jiwe lile lile akasema: Hili ni shahidi wangu.

Mwaka ule ule wa 1866 waalimu wawili wa mji wa Galway katika Ayalandi, King na Rowney, waliandika ya kuwa huyu si mnyama kamwe, ni madini yaliyojipanga yenyewe kwa joto na nguvu za ardhi. Mabishano yakadumu miaka karibu thelathini. Hata mwaka 1894 wakatokea watu walioonyesha mistari ya namna ile ile katika mawe ya chokaa yaliyorushwa na Vesuvius, mlima wa moto wa Italia. Hakuna mnyama wa bahari anayejenga nyumba yake ndani ya tanuru. Kwa watu wengi shauri likawa limekwisha. Lakini Dawson hakukiacha kisukuku chake; aliendelea kukitetea hata miaka ya mwisho ya maisha yake, akafa mwaka 1899.

Je, Dawson alikuwa na hatia? Nasema: alipokosa mwaka 1865 hakuwa na hatia. Alitazama kwa vyombo alivyokuwa navyo, naye alisema alichokiona. Jicho la mtu hukosa, wala kukosa kwa jicho si dhambi. Lakini jiwe lile lilikuwa limekwisha kuwa zaidi ya jiwe kwake. Lilikuwa jina lake, na hoja yake, na ngome yake. Mtu aliyejenga nyumba yake juu ya jambo fulani hawezi kulichimba ili kujua kama ni imara. Hapo ndipo hatari inapoanza, nayo humpata mtu mwema upesi kuliko mtu mbaya, maana mtu mwema hudhani ya kuwa anaitetea kweli, kumbe anajitetea mwenyewe.

Sasa sikilizeni habari ya pili, iliyo kinyume cha hiyo. Katika mwaka 1946 Reginald Sprigg, mpima mawe wa serikali ya Australia ya Kusini, alitumwa kwenye vilima vya Ediacara kuangalia machimbo ya zamani. Aliona juu ya mawe alama za mviringo, kama za wale viumbe laini wa baharini wenye umbo la mwavuli, waitwao yavuyavu. Alizitangaza mwaka 1947, lakini wengi walisema ni alama za bahati tu, hazikufanywa na kiumbe. Haikuwa desturi kutafuta wanyama katika mawe ya zamani kiasi kile, na kwa sababu hiyo hawakutafutwa, na kwa sababu hawakutafutwa hawakuonekana.

Miaka michache baadaye jambo kama hilo lilitokea Uingereza, nalo linanigusa zaidi. Karibu na mji wa Leicester uko msitu uitwao Charnwood, wenye miamba ya kale kupita ile yenye magamba. Mwaka 1956 msichana wa miaka 15, jina lake Tina Negus, aliona katika mwamba mmoja umbo kama unyoya, lenye matawi madogo pande mbili, limepangwa vizuri. Alikuwa amesoma vitabu, naye alijua ya kuwa miamba ile ni ya kale mno. Akaenda akamwambia mwalimu wake. Mwalimu akamjibu ya kuwa katika mawe ya namna ile hamna visukuku. Basi alichokiona si kisukuku. Msichana hakubishana, ila alirudi pale, akaweka karatasi juu ya mwamba, akaisugua kwa penseli hata umbo likatokea. Karatasi ile haikumpatia msikilizaji.

Mwaka uliofuata, 1957, kijana wa shule Roger Mason alikuwa akipanda miamba ile pamoja na rafiki zake, naye akaliona umbo lile. Yeye pia alilisugua katika karatasi, akamwonyesha baba yake. Baba yake alimjua Trevor Ford, mwalimu wa elimu ya mawe katika chuo cha Leicester. Ford akaenda kutazama kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 1958 akakiandika kisukuku kile, akakiita Charnia masoni, kwa jina la msitu na la kijana yule. Ulimwengu ukapata kujua ya kuwa kweli viko viumbe wakubwa katika miamba iliyodhaniwa kuwa tupu. Miaka mingi ilipita kabla jina la Tina Negus halijatajwa pamoja na habari hiyo, naye Mason mwenyewe amekiri ya kuwa msichana yule alitangulia kuona.

Mwamba ulikuwa mmoja, na umbo lilikuwa moja, na ushuhuda wa watoto wawili ulikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa kwa wasikilizaji: mmoja alijibu akiwa amekaa kitini, na mwingine alivaa viatu akaenda.

Tulifikirini neno la yule mwalimu, maana si neno la mjinga. Vitabu vyote vya siku zile vilikubaliana naye. Lakini angalieni jinsi lilivyofungwa: hamna visukuku humo, kwa hiyo ulichokiona si kisukuku, na kwa kuwa hakuna aliyeona kisukuku, basi hamna visukuku humo. Neno la namna hii ni kama zizi lisilo na mlango. Hata shahidi angekuja na nini, hawezi kuingia. Mtu wa namna hii hujisifu ya kuwa hadanganyiki kwa urahisi, na ni kweli. Lakini asiyeweza kudanganyika kwa sababu hasikilizi, huyo hana sifa. Hata kuta hazidanganyiki.

Basi tumeona makosa mawili. Dawson alitaka mno kuona. Mwalimu wa Tina Negus hakutaka kwenda kuona. Je, iko njia ya katikati? Wengine watasema: Amini nusu, kataa nusu. Hiyo si njia, ni uvivu. Njia ya kweli ni kazi, nami nitaleta mifano miwili ya miaka yetu hii.

Kati ya alama za Ediacara iko moja iitwayo Dickinsonia. Umbo lake ni kama mkeka mdogo wa mviringo wenye mistari, nyingine ndogo kama ukucha, nyingine hupita urefu wa mita moja. Kwa miaka mingi wenye elimu walishindana: wengine walisema ni mnyama, wengine kuvu kama zile ziotazo juu ya mawe, wengine kiumbe cha seli moja tu. Kila mmoja alitazama umbo lile lile akaona alichopenda. Ndipo Ilya Bobrovskiy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alipokwenda Urusi, kwenye magenge marefu ya Bahari Nyeupe, ambako visukuku hivi bado vina utando mwembamba wa mwili wa kale. Alining'inia kwa kamba gengeni akachimbua vipande vya mawe. Hakuuliza tena habari ya umbo; aliuliza habari ya mafuta yaliyosalia katika utando ule. Maana miili ya wanyama ina mafuta ya namna moja yaitwayo kolesteroli, na mwani na kuvu zina mafuta ya namna nyingine kwa wingi. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitangaza: ndani ya Dickinsonia mafuta ya namna ya kolesteroli yalifika hata sehemu 93 katika 100, lakini katika mawe yaliyouzunguka yalizidi mafuta ya mwani. Alikuwa mnyama, naye aliishi miaka milioni 558 iliyopita. Waliobishana miaka sabini walipata jibu, si kwa sauti kubwa zaidi, bali kwa kuuliza swali jipya ambalo jiwe liliweza kulijibu.

Mfano wa pili unatoka India, nao ndio ninaopenda mwukumbuke kuliko yote. Huko Bhimbetka yako mapango yenye michoro ya watu wa kale. Mwaka 2021 Gregory Retallack, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza ya kuwa wameona alama ya Dickinsonia katika ukuta wa pango moja. Habari zikaenea duniani. Desemba mwaka 2022 wengine wakiongozwa na Joseph Meert, wa Marekani pia, walifika pale. Wakaona ya kuwa ile alama imeanza kubanduka ukutani. Kisukuku hakibanduki kwa miaka miwili! Lilikuwa sega la nyuki wakubwa, lililooza na kushikamana na mwamba.

Nadhani wengi wetu tungecheka, maana kila mrina asali wa kwetu alijua sega likoje. Lakini ngojeni. Retallack alipoonyeshwa hayo alifanya nini? Hakutafuta maneno ya kuwatia shaka wenzake, wala hakungoja miaka thelathini. Alikubali ya kuwa amekosa, na kosa likasahihishwa waziwazi katika mwaka 2023. Linganisheni jambo hili na habari ya Dawson. Makosa yao yalifanana, ila mmoja alilifunga kosa lake kifuani kama hirizi, na mwingine aliliweka chini. Ushuhuda wa mtu aliyekwisha kusema mbele ya watu, Nilikosa, una thamani kubwa siku nyingine asemapo, Nimeona.

Tena liko tendo jingine la ukweli, nalo ni kusema, Bado. Mwaka 2009 Gordon Love na wenzake walitangaza ya kuwa katika mawe ya Oman, ya miaka zaidi ya milioni 635, wameona mafuta yanayofanana na ya sifongo, ambaye ni mnyama ingawa wengi humdhani mmea. Mwaka 2020 wengine walionyesha ya kuwa mafuta ya mwani yakigeuzwa na joto la ardhi yaweza kuwa kama hayo. Mwaka 2021 Elizabeth Turner wa Kanada aliandika ya kuwa katika mawe ya miaka milioni 890 ya kaskazini mwa nchi yake kuna wavu wa nyuzi nyembamba unaofanana na wa sifongo. Wengine wamekubali, wengine wanasita. Basi, nani mnyama wa kwanza? Mtu mwaminifu atajibu: Dickinsonia tunayo mkononi, hao wengine bado wanahojiwa. Jibu hilo halipendezi masikio, lakini ni jibu la haki.

Labda mwalimu mmoja atauliza: Na sisi tutafanyaje na hiyo miaka mamilioni, tunaposoma habari ya siku za kuumbwa? Neno hilo ni kubwa, nami sitalimaliza katika ukurasa mmoja. Nasema hili tu: tusiifanye imani yetu itegemee jiwe, lile la kupendeza wala lile la kutisha. Dawson alitaka kuipa imani nguzo ya jiwe, na nguzo ile ikawa ni madini tu. Waliomcheka hawakumcheka yeye peke yake. Aliyeumba mawe hahitaji tuseme zaidi ya yale mawe yanayosema, wala haogopi tukiyasikiliza.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya mawe. Ninyi waalimu huwafundisha watoto amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo. Wengi hudhani ya kuwa wanaivunja wakisema uongo kwa kinywa tu. Mimi naona twaweza kuivunja tukiwa tumekaa kimya barazani, kwa namna tunavyosikiliza.

Mjane anakuja kwa wazee, anasema shemeji yake amelihamisha jiwe la mpaka wa shamba. Mzee mmoja anajibu: Ukoo ule ni wa watu wa heshima, hawawezi kufanya hivyo, basi hawakufanya. Je, hilo si neno la yule mwalimu wa Tina Negus? Mpaka haukuwa mbali. Angeweza kwenda kuutazama. Au uvumi unaletwa juu ya kijana ambaye wengi hawampendi, nasi twasema upesi: Lisemwalo lipo. Je, hilo si jicho la Dawson, linaloona mnyama katika kila mstari kwa sababu limemtamani? Na baadaye, ikidhihirika ya kuwa kijana hana hatia, ni wazee wangapi watasimama mbele ya watu wale wale waliomhukumu mbele yao na kusema, Tulikosa?

Basi, nawasihi mambo matatu. Ukiletewa neno usilolipenda, inuka uende ukatazame kabla hujajibu. Ukiletewa neno unalolipenda, litazame mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo jicho lako linapohongwa. Na ukiisha kukosa, kiri mahali pale pale uliposemea, kwa sauti ile ile. Aliye mdogo akisema ameona kitu, mpe karatasi na penseli, ufuatane naye hata mwambani.